Kidole cha Mkurugenzi

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia leo kila mtoto mwenye bima ya serikali atatibiwa papo hapo, mradi athibitishe kwa kidole chake kwamba yeye ndiye yeye.

Tangazo hilo lilimkuta bibi mmoja akiwa wa tatu kwenye foleni ya zahanati, mjukuu wa miezi minane mgongoni, sikio linatoka usaha, mwili moto kama pasi. Akashukuru. Wakubwa wamewakumbuka wadogo.

Karani wa dirishani akakibonyeza kidole cha mtoto kwenye mashine. Mashine ikaguna.

“Hasomeki.”

“Hasomeki vipi, mwanangu? Si huyu analia?”

“Mfumo hautambui kilio, bibi. Vidole vyake havijakomaa.”

“Vitakomaa lini?”

“Miaka mitano hivi. Uje naye mapema, foleni huwa ndefu.”

“Na sikio lisubiri?”

“Au kitumike kidole cha mtu mzima aliyembeba. Ila huyo hatoki hapa mpaka mfumo umwachie. Ndio utaratibu.”

Bibi akatoa chake. Lakini miaka arobaini ya kufua nguo za watu ilikwisha kukisugua kikawa laini kama kipande cha sabuni. Mashine ikaguna tena.

Ndipo Mkurugenzi akaingia kuzindua huduma, mpiga picha nyuma yake, akitafuta mtoto wa kubeba. Akina mama wakarudi nyuma. Bibi akasogea mbele.

“Mshike huyu, baba. Na kidole weka pale, picha ipendeze.”

Akaweka. Taa ya kijani ikawaka, makofi yakapigwa, daktari akamwita mtoto. Bibi akampokea mjukuu wake, akaingia naye. Sikio likasafishwa, dawa zikatolewa.

Alipotoka, alimkuta Mkurugenzi mlangoni, mlinzi kamzuia.

“Unajua mimi ni nani?”

“Najua, mzee. Wewe ndiye uliyemleta mtoto. Mfumo haujakuachia.”

“Uambieni uniachie!”

“Mashine bado inapokea vidole, ila mtandao wa kuachia umekatika,” karani alisema. “Na kibali cha kumtoa mtu bila mtandao anakiandika Mkurugenzi, akiwa ofisini kwake.”

“Ofisi yangu iko ng'ambo ya barabara!”

“Ndiyo, mzee.” Karani akamwonyesha benchi.

“Vumilia, baba,” bibi alimwambia, akaenda zake.

Mkurugenzi akakaa. Mama aliyefuata kwenye foleni akampakatisha mwanawe.

“Maadamu upo upo tu, mheshimiwa,” alisema kwa adabu, “tuazime hicho kidole.”

Nyuma yake, wengine thelathini wakajipanga.