Kuhusu Wepesi Uliokithiri katika Ofisi ya Leseni

Miraji Shehe,
Mabawa, Tanga.
Agosti, 1993

Kwa Bi Mehreen Alnoor,
Msimamizi, Ofisi ya Leseni za Biashara.

Bi Mehreen,

Kwa umri, wewe ndiye unayepaswa kuniamkia. Kwa cheo, mimi ndiye. Ili tusikoseane adabu, nasema assalaam aleikum na kuendelea.

Mimi ndiye yule mzee uliyemkuta kwenye benchi la ofisi hiyo siku ulipohamishiwa kwetu. Wewe hukunijua, lakini mji ulinijua. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye meza na mwavuli Ngamiani ametaka leseni, na leseni ilikuwa na madirisha saba. Aliyeanzia dirisha la kwanza alipotea, kwani la kwanza lilitaka sahihi ya la tatu, na la tatu halikumsikiliza mtu asiyetoka la tano. Njia hiyo niliijua mimi. Nilichopata ni shikamoo za barabarani na kiti cha kufutiwa vumbi kila nilipofika barazani, nami nilitosheka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulinihadaa. Ulikaa nami benchini wiki nzima, karatasi mkononi, ukitazama watu wanavyokwama. Kisha ukaniambia, "Mzee wangu, hebu nionyeshe unavyowapitisha." Nikadhani umekuja kujifunza ustadi wangu ili uutunze. Nikakuongoza dirisha hadi dirisha. Uliposahau la tano katika mchoro wako nikakusahihisha, kifua nimekitanua. Kumbe nilikuwa namchorea mwizi ramani ya nyumba yangu mwenyewe.

2. Mshale. Ofisi ilipofunguliwa upya baada ya ukarabati wako nilimleta Mama Batulbai, mjane wa Chumbageni. Duka la marehemu mumewe lilifungwa miaka ile ya shida, vitambaa vilipoadimika, na sasa alitaka kuufungua tena mlango ule kwa cherehani yake. Nilikwisha kumwonya aje na chakula cha mchana na mkeka. Mlangoni tukakuta mshale mwekundu na maneno ANZIA HAPA. Nikamwambia, "Usiufuate. Mishale ni ya wageni."

Nikampitisha ujia wa nyuma, ambao una giza lakini naujua kwa mazoea, hadi dirisha la tano. Nikagonga. Nikagonga tena kwa heshima zaidi, nikajitaja jina. Nilipogeuka, Mama Batulbai hayupo. Alikuwa ameufuata mshale, akaketi mbele ya karani wako Laurenti na ile kompyuta, akajibu alichoulizwa, akapewa leseni. Alirudi kunitafuta, akanikuta palepale.

"Miraji," akasema kwa upole, "mbona wabisha hodi ukutani?"

Ndipo nilipoona rangi mbichi kwenye vidole vyangu. Dirisha mlikwisha kuliziba kwa matofali.

Tukala chakula chake nje, kwa kuwa kilikuwa kimeshapikwa. Akaniwekea minofu yote upande wangu. Minofu ilipita, huruma yake ndiyo iliyonikwama.

3. Lugha. Zamani karatasi ilisema: "Mwombaji abainishe asili na mahali pa shughuli kwa mujibu wa kifungu husika." Watu wazima na akili zao walitetemeka, nami nikawafasiria, hata pale ambapo mimi mwenyewe sikuelewa. Sasa kompyuta inauliza: Unaitwa nani? Utauza nini? Wapi? Haya ni maswali ya kuulizana sokoni. Serikali haipaswi kuzungumza kama jirani. Ikizoea kuzungumza kama jirani, watu nao watazoea kujibiwa, na sijui tutaishia wapi.

4. Umeme. Ulipokatika Jumanne niliona dua zangu zimepokelewa. Nikasimama mlangoni, nikakohoa ili watu wajue nipo. Wewe ukavuta mtoto wa meza, ukatoa kadi zenye maswali yaleyale, Laurenti akaandika kwa kalamu, na shughuli ikaendelea. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia, isipokuwa bwana mmoja aliyenipa pole ya kifua.

Kwa sababu hizo sasa nashinda nyumbani. Mke wangu Mboni aliuliza kama ofisi imefungwa. Nikamjibu kuwa imefunguliwa kupita kiasi. Akanipa mbuzi na nazi. Nakuna nazi tangu siku ile, na nakuna vibaya: mchuzi wetu una vipande vya kifuu, na wageni wameanza kupungua.

Sikuombi madirisha yote saba. Nirudishie mawili tu, yasiyoelewana. Na ule mshale, kama serikali imeshaugharimia, basi ugeuzwe uelekee barabarani.

Nisalimie Laurenti, nisalimie mlinzi wa langoni, na wote walio kwenye foleni, ikiwa bado ipo foleni ya kusalimiwa.

Ni mimi, niliye tayari kukuelekeza popote,
Miraji Shehe

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nimelazimika kwenda ofisi nyingine hapa mjini, ambayo sitaitaja, kwa sababu bomba letu limekauka. Nilianza dirisha la pili, la pili likanituma la nne, na la nne limefungwa kwa msiba. Akatokea bwana mmoja aitwaye Fanueli, akanishika mkono, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye ndiye ajuaye njia, na kila mtu pale anamjua. Sijapata kumchukia mtu kwa haraka namna ile. Tafadhali, binti yangu, chukua karatasi yako ukakae kwenye benchi lao. Nenda hata kesho. Mboni anateka maji kwa jirani, na ndoo kubwa nabeba mimi.