Usukani Wenye Akili Zake

Jumatano, 13 Agosti
Ushindi! Kaka yangu Ondieki amekubali. Jumapili gari langu ndilo litakalombeba binti yake Celestine, bibi harusi, kutoka hapa Suneka hadi kanisani Magwagwa. Jirani Ogweno, muuza magodoro, alikuwa amejipendekeza na kigari chake kipya. Nikauliza mbele ya wazee: tope la Magwagwa litapandwa na kigari cha kwendea saluni? Walicheka! Langu ni kuukuu, ndiyo, lakini linavuta kwa magurudumu yote manne. Ondieki akaninyooshea kidole. Nikimwaibisha mtoto wake, nisikanyage kwake tena.

Tatizo dogo. Likigonga shimo, usukani hutetemeka hadi meno yangu yanagongana. Na linarukaruka kama mbuzi. Nitalitibu mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimegundua! Gari ni jepesi mno. Nimepakia nyuma mawe ya Tabaka, yale ya kuchongea vinyago. Kuruka kukaisha. Shangwe! Halafu nikakata kona. Kumbe uzito wa nyuma umeinua pua, magurudumu ya mbele yanaparaza tu barabara, na usukani hausikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikaishia katika majani ya ng'ombe ya Ogweno. Akaja, akasema pole. Pole ya dharau, naijua. Mawe nimeyashusha, na mgongo wangu hauna hamu.

Ijumaa, 15 Agosti
Shingo upande, nimekwenda kwa fundi Obadiah. Lakini kwa ujanja! Nilifika jua likizama makusudi, ili anitengenezee harakaharaka bila mahubiri. Obadiah ni Msabato. Nikamkuta ameshanawa mikono, gereji kufuli. Akasema Sabato imeingia: spana hashiki, na neno la gari halitamtoka kinywani hadi kesho jua lizame. Sisi Wakatoliki tungekuwa bado chini ya gari!

Jumamosi, 16 Agosti
Mpango safi. Nimempa Obadiah lifti ya kanisani. Asinene, sawa, uso wake utanena! Alikaa kando yangu amekumbatia Biblia, akiimba wimbo wa kanisa huku sauti ikikatikakatika. Kila shimo, jicho kushoto. Shimo, kushoto. Nikaelewa: ni gurudumu la mbele, la kushoto. Sasa ningoje jua lizame anieleze nini, na jawabu ninalo? Nimelijaza upepo hadi pampu ikakataa.

Jumapili, 17 Agosti
Asante Mungu! Asante Maria na watakatifu wote!

Nilikuwa naingia kwa Ondieki, polepole, akina mama wakipiga vigelegele. Nikakata kulia. Usukani ukazunguka bure mikononi mwangu, na gari likaenda kushoto, hadi ndani ya migomba. Likasimama. Hakuna aliyeumia! Celestine alikuwa bado mlangoni, anarekebishwa shela.

Obadiah, naye mwalikwa, alilala chini na suti yake akachungulia. Kile kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu kimelika hadi kikachomoka. Akasema kingechomokea kwenye mteremko wa Magwagwa, leo tungekuwa tunapanga mazishi. Nililia mbele ya watu, na sioni haya. Ondieki alinikumbatia, akasema migomba itamea mingine.

Nikamuuliza Obadiah mbona jana alitazama kushoto tu. Akajibu kwamba alikuwa akiutazama mlango, anapima mahali pa kurukia. Kufanya kazi siku ya Sabato ni dhambi, kuruka hakujakatazwa.

Celestine amekwenda na Ogweno. Wamefika, ameolewa, amependeza. Nasikia kigari kilisukumwa na wazee kwenye tope! Siku njema kabisa.

Jumanne, 19 Agosti
Gari limetoka gereji na kiungo kipya. Linakwenda moja kwa moja, usukani umetulia, nashika kwa kidole kimoja. Raha! Obadiah ameniusia kwa ukali: kitu chochote kikilia, nisikiguse, nimpelekee yeye. Nimeapa.

Ondieki ni mtu wa moyo. Amekubali kesho niwapeleke yeye na mkewe sokoni Nyamache, kupanda na kushuka milima. Leo nikirudi nyumbani kutoka gereji, breki zimelia kidogo, kiii. Sasa kwa jambo dogo hivyo nimsumbue fundi? Nimezipaka mafuta mwenyewe, magurudumu yote manne. Kimya kabisa!