Koti Jekundu la Kina Podlogar

Suhi Dol,
baada tu ya Mwaka Mpya

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Skii cha Suhi Dol

Ndugu Mwenyekiti Hribernik,

YAH: KOTI NILILOUZIWA NA CHAMA CHAKO, NA MWANANGU ALIYEPOTEA NDANI YAKE

Natumaini hujambo na goti lako limepata nafuu. Nakuandikia kwa wadhifa wako, si kwa ushemeji wetu, kwa hiyo naomba dada yako Vesna, ambaye ni mke wangu, asiione barua hii. Yeye anaona jambo lenyewe ni dogo. Mimi silioni dogo hata kidogo.

Kama ujuavyo, mimi nimekulia Koper, pwani, ambako theluji ikianguka watu hutoka nje kupiga picha kisha hurudi ndani. Sikujua desturi zenu. Binti yetu Zala alipofika darasa la pili tuliambiwa kwamba mwezi wa Februari darasa zima litakwenda kambi ya skii ya shule, na kwamba mzazi mwenye akili hanunui vifaa vipya kwa mtoto anayekua. Mzazi mwenye akili huenda kwenye mnada wenu wa mitumba katika ukumbi wa mazoezi wa shule. Nami nikaenda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbao za kutelezea nilizonunua hazina tatizo. Viatu pia ni vizuri, ingawa vinanuka watoto wengi. Tatizo ni koti. Lilikuwa jekundu, zito, na nyota nyeupe iliyoshonwa mgongoni kwa mkono. Watu wote walikuwa wakilipita kana kwamba linauma, nami nikadhani ni bahati yangu. Mama Darinka, aliyekuwa mezani kwa niaba ya chama, alinitazama akasema, "Gorazd, una hakika?" Nikamjibu, "Hakika kabisa, linamtosha na nafasi ya kukulia imo." Akasema, "Haya, shauri yako." Ndugu Mwenyekiti, ninauliza kwa heshima: je, "shauri yako" ni onyo la kutosha kutoka kwa chama kilichosajiliwa?

Kwa sababu kila mtu ukumbini, isipokuwa mimi, alijua kwamba hilo ni koti la kina Podlogar, ukoo uliokuletea nusu ya vikombe vilivyo kabatini mwako. Na kila mtu alijua kwamba katika bonde hili koti la skii halitoki nje ya ukoo. Linashuka kutoka kwa kaka hadi mdogo wake, kwa binamu, hadi kwa mtoto wa binamu. Mkamwana mmoja wa mjini ndiye aliyesafisha darini akalileta mnadani bila kuuliza mtu. Nasikia hadi leo hasemeshwi.

2. Tangu Zala alivae, hana tena jina. Duka la mikate wanamwambia, "Msalimie bibi Pavla." Kituo cha basi, "Msalimie bibi Pavla." Mtoto wangu ana adabu, tumemlea hivyo, kwa hiyo alizipeleka salamu zile moja baada ya nyingine hadi kwa bibi Pavla Podlogar, mtu asiyemhusu kwa damu wala kwa ndoa. Bibi alimfuta pua kwa leso yake mwenyewe akamwambia, "Koti hilo halijawahi kuvaliwa na mwenye kamasi, mjukuu wangu." Kisha akampa mkate mtamu wa kokwa za jozi. Sasa mtoto anarudi nyumbani ameshiba na chakula cha mama yake hakigusi. Hasara hiyo ya ndani ya nyumba naiweka mikononi mwako.

3. Hapa naomba ukae kitako. Siku ya somo la kwanza la skii la chama, wanaoanza walipangwa chini ya kilima. Mwalimu Vitomir, ambaye ndiye atakayewafundisha kambini pia, akapita, akaiona nyota. "Wewe wa kina Podlogar unafanya nini huku na vifaranga? Twende juu!" Mwanangu akasema, "Mimi ni Zala." Vitomir akajibu, "Zala Podlogar, jina zuri, shika kamba ya lifti!" Akampandisha kileleni. Mtoto alikuwa bado hajafundishwa hata kusimama.

Huko juu aliikumbatia nguzo ya lifti kwa mikono miwili. Vitomir akambembeleza kwa njia yake: "Acha aibu, bibi yako alishuka hapa akiwa mjamzito!" Hatimaye alimteremsha katikati ya miguu yake, mtoto akilia njia nzima, na chama kizima chini kikipiga makofi kwamba kina Podlogar wamerudi mlimani. Nilipaza sauti kwamba huyo ni mwanangu. Wanaume wakanipigapiga mgongoni kunipongeza kwa kuoa katika ukoo ule. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimeoa katika ukoo wako, na hakuna aliyewahi kunipongeza.

4. Niliifumua ile nyota mwenyewe. Chini yake kitambaa hakikuwa kimepauka, kwa hiyo sasa kuna nyota nyekundu iliyokolea kuliko koti lenyewe, na inaonekana hadi ng'ambo ya mto. Watoto darasani wanasema Podlogar ameshushwa cheo.

5. Zala amekataa kwenda kambini. Nilipomuuliza sababu hakutaja baridi wala kuanguka. Alisema, "Baba, wakinipandisha tena juu, nikisema mimi ni nani hawanisikii." Niliumia, na bado ninaumia, na ndiyo maana naandika badala ya kuja kwako kunywa chai.

Kwa hayo yote, naomba chama kichague moja. Ama makoti yote ya watoto wa bonde hili yakusanywe na kutiwa rangi moja ya kijivu, na watoto watambuliwe kwa sauti. Au, kwa kuwa mnatambua makoti kuliko watu, Zala aandikwe rasmi kuwa Podlogar, apewe kiti cha karibu na jiko katika banda la chama na fungu lake la soseji za damu kina Podlogar wanapochinja nguruwe, nami kama baba wa bingwa niache kulipia maegesho. Au watoto wa bonde hili wakatazwe kukua kuanzia vuli hadi Pasaka, ili mitumba isipatikane kabisa. Na kama yote hayo yanazidi uwezo wa kamati, basi Mwalimu Vitomir amuulize mtoto jina lake, angoje jibu, na alitumie. Naelewa kwamba hili la mwisho ndilo gumu zaidi.

Msalimie shemeji, wanao, kamati nzima, na Mama Darinka pamoja na meza yake. Vitomir mpe salamu fupi. Za bibi Pavla usijisumbue, mwanangu huzipeleka.

Wako anayengoja kwa adabu na kwa miguu ya baridi,

Gorazd Mlinšek

N.B. Vesna ameiona barua. Anasema niongeze kwamba Zala amekubali kwenda, kwa sharti la kuvaa ile suruali ya buluu ya kamba mabegani, ambayo mama yangu alimnunulia mpya kule Koper, juu ya koti, ifunike ile nyota. Nimeishonea jina ZALA mgongoni kwa uzi wa njano, herufi kubwa kama mkono wangu, Vitomir asome hata kukiwa na ukungu. Lakini amekua mno. Itamfikisha Februari, baada ya hapo haitamwingia. Naomba nafasi yake mezani kwenye mnada ujao. Atakayeinunua asilifumue jina, nitamkasirikia. Na nikikutana na mtoto atakayeivaa duka la mikate nikamwita Zala, tafadhali mwambieni aitike tu.