Mwenye Sauti Ajitokeze

Aminiel alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni, redio ilipoleta mjadala wa hakimiliki. Mtaalamu mmoja alisema kumwekea mtu wimbo kwenye simu bila ruhusa ya mwimbaji ni wizi. Wa pili akasema si wizi, ni kueneza utamaduni. Wakabishana mpaka muda ukaisha na, kama ilivyo kawaida ya wataalamu, hakuna aliyeelewa kitu. Ila Aminiel aliona jambo moja: kinyozi alinyoosha mkono taratibu, akachukua flashi ya nyimbo iliyokuwa pembeni ya redio, akaitia mfukoni.

"Vipi, unaogopa sheria?"

"Kwani naijua? Ndiyo maana naogopa."

Nusura Aminiel alie kwa furaha. Watu wanaoogopa sheria wasiyoijua! Hilo ni shamba lililolimwa, likapandwa, likapaliliwa. Anasubiriwa mvunaji tu.

Tumtendee haki: Aminiel alikuwa tapeli mwenye bidii, lakini si mbunifu. Vipande vya chupa alivyowahi kuwauzia wageni kama tanzanite, mbinu ile aliiga kwa mjomba wake. Viwanja vya Kisongo alivyoviuza wenyewe wakiwa wamelala ndani, aliiga kwa mjomba huyohuyo. Huu sasa ulikuwa mchongo wa kwanza aliouzaa mwenyewe, naye aliupenda kama kifungua mimba.

Alichora stika yenye ngao, kinanda na mlima Meru. Kisha akajifungia chumbani, akajifunika blanketi kichwani ili mwangwi usisikike, akarekodi tangazo kwa sauti nzito ya mtu aliyenenepea ofisini: "Ndugu mwananchi! Kunakili ni kuiba! Kitengo cha Hakimiliki Kanda kipo mtaani kwako! Kibanda kisicho na stika, vifaa vyake vitakamatwa!" Akafunga spika kwenye pikipiki, akavaa koti, akaingia kazini.

Wenye vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu walinunua stika huku wakimshukuru. Wengine walimpa na soda. Mambo yakawa mteremko mpaka alipofika Levolosi, kwenye kibanda cha Namnyaki.

Namnyaki alikuwa na kompyuta moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa mume wake, shamba lake na ng'ombe wake.

"Dada, stika iko wapi?"

"Stika ya nini, kaka?"

"Mimi si kaka, mimi ni Afisa. Unaiba kazi za watu."

"Afisa, nikikuwekea wimbo kwenye simu, kwa mwenyewe unapungua?"

"Hoja hiyo ilishajibiwa redioni," alisema Aminiel, ambaye hakukumbuka ilijibiwaje.

Hapo mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la ndizi alisimama. Huyo alikuwa Esther, ameteremka kutoka mlimani kuja kuuza.

"Shikamoo mama," Aminiel akamwahi.

"Marahaba mwanangu. Huo wimbo unaopigwa hapo nimeuimba mimi na kwaya yetu. Kama mmekuja kututetea, Bwana asifiwe. Hela yetu mnatupa lini?"

Aminiel hakuwa amewahi kufikiri kwamba nyimbo zina waimbaji. "Mama yangu," alisema kwa upole, "hakimiliki inalinda wimbo. Mwimbaji anajilinda mwenyewe."

"Heee! Basi nimewajua," alisema Esther, akajitwika beseni lake.

Namnyaki aligoma kununua stika. Aminiel akachomoa nyaya, akaibeba kompyuta. "Hii ni kielelezo."

"Afisa, mimi nikinakili, mwenyewe anabaki na wimbo wake. Wewe ukibeba hiyo, mimi nabaki na meza."

"Basi iombee stika meza."

Pikipiki ikaondoka, tangazo likinguruma nyuma yake. Namnyaki alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata, mzee Yona. Mzee hakuwa amewahi kusikia kitengo hicho. Aliigeuza stika ambayo Namnyaki aliiazima kwa jirani: haina jina, haina simu.

"Binti, huyu ni tapeli. Lakini nimkamate nani? Nimkamate sauti?"

Namnyaki akatoa simu. Kazi yake ilimfundisha kutoacha sauti ipite bure, na tangazo lote alikuwa amelirekodi.

"Nitamwita aje mwenyewe, mzee."

"Utamwitaje mtu usiyemjua?"

"Kwa kazi aliyoniambia ni wizi."

Usiku haujaingia, tangazo lilikuwa kwenye makundi yote ya bodaboda. Mwenye steshenari alitoa kopi za rangi za ile stika, naye Namnyaki akawapa vijana wazigawe, wakipita na sauti ileile.

Kesho yake Aminiel alipoingia mitaa ya Sokon One akakuta kila kibanda kina stika. Akafurahi. Kisha akakumbuka kwamba huku hajawahi kuuza.

"Nani kawapa?"

"Afisa mwenzako," akajibu chalii mmoja. "Tena yeye katupa bure. Ero, kaka yangu, kumbe wewe unauza?"

Bure! Aminiel alishika ukuta. Mbele kidogo bodaboda ilipita ikipiga sauti yake. Kwenye saluni, akina dada walikuwa wanaicheza. Kuna mshenzi alikuwa ameiwekea biti. Jasho lake, blanketi lake, watu wanakatikia kiuno! Na wenye vibanda wakawa wanamjibu kila alikogonga: tayari tunayo, baba.

Aliifuata sauti hadi Levolosi. Juu ya meza tupu ya Namnyaki spika ilikuwa inanguruma, watu wamejaa, na kando yake mzee mwenye sweta anakunywa uji.

"Zima! Zima hiyo kitu!"

"Kwa nini, Afisa?" Namnyaki akauliza. "Tangazo la serikali si la wananchi wote?"

"La serikali wapi? Hiyo sauti ni yangu! Nimetunga mimi, nimerekodi mimi, chumbani kwangu, blanketi kichwani! Hata mlima kwenye stika nimeuchora kwa mkono wangu huu! Mnakula jasho la mtu, hamna aibu?"

"Pole mwanangu," alisema mzee wa uji. "Na hakuna mtu wa ofisini aliyekusaidia?"

"Ofisi gani, mzee? Peke yangu! Kila neno!"

Mzee akaweka kikombe chini, akajifuta midomo. "Mimi ni Yona, mtendaji wa kata. Kazi kubwa kama hii lazima itambuliwe."

Umati ukamsindikiza mpaka chumbani kwake. Kompyuta ilikuwa kitandani, imesimama katikati ya filamu ambayo mlinzi wa hakimiliki hakuilipia.

Kituoni, polisi alisikiliza tangazo mwanzo hadi mwisho. "Hii sauti ya nani?"

Aminiel akakohoa. "Afande, kazi ikishasambaa hivi, kusema kweli inakuwa mali ya jamii. Huwezi kusema ni ya fulani."

"Kwa hiyo mko wengi?"

Aminiel akawageukia watu waliojaa mlangoni. Walewale waliomnakili bila huruma sasa walikuwa wanaheshimu sheria kupita maelezo. Hakuna aliyetaka hata silabi moja.

"Ni yake peke yake, Afande," alisema Namnyaki, kompyuta kifuani kama mtoto. "Haki zote zimehifadhiwa."