Ombi la Kurudishiwa Ugonjwa Wangu wa Mgongo

Kwa Askofu Ndululu,
Hema la Faraja Tele,
Lindi, Kibera.

Askofu wangu mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu mimi Khamala, fundi wa kuchomelea mageti, muumini wako wa viti vya nyuma. Ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa siwezi. Samahani kwa mwandiko.

Utanikumbuka. Mimi ndiye niliyeombewa mgongo kwenye mkutano wa Pasaka, nikainua mfuko wa simiti mbele ya watu, na picha yangu ikatundikwa kwenye bango pale njia ya Olympic: ALIKUWA AMEPINDA, SASA ANABEBA. Bango ni zuri, hata meno yangu yametoka meupe. Lakini tangu siku hiyo nateseka, Askofu, na kwa unyenyekevu naomba uniondolee uponyaji huu kabla haujaniua. Sababu zangu ni hizi:

1. Jioni ile kweli sikusikia maumivu. Kinanda, vigelegele, watu wanalia, nani angesikia mgongo? Asubuhi ulikuwa palepale, tena umekuja na wenzake. Simlaumu Mungu. Namlaumu Collins, mhudumu wako, aliyepaswa kunidaka nilipoanguka kwa maombi. Alikuwa anapiga picha. Nilitua kwenye ukingo wa jukwaa.

2. Sasa mimi ndiye mbebaji wa kanisa. Jenereta ni mimi, spika ni mimi, viti ni mimi, hata ile mimbari ya mbao ni mimi. Nikiwauliza vijana wa kwaya, wenye mabega kama milango, mbona hawanisaidii, wananieleza kwa upole kwamba migongo yao bado haijaombewa, kwa hivyo si salama. Jameni! Migongo mizima inalindwa, mbovu ndio unaobebeshwa kwa kuwa una bango.

3. Nyumbani hakuna kulia. Mke wangu Nafuna, shemasi wako, amenikataza kusema "uwi" nikitoka kitandani, maana ukuta wetu ni mabati na majirani wanasikia kila kitu. Amenifundisha niseme "Haleluya" badala yake, tena kwa nguvu, kama wewe unavyosema kila ukiinuka kutoka kile kiti chako kikubwa. Nimetii. Sasa ploti nzima inaamini mimi ni mtu wa maombi ya alfajiri. Juzi jirani yetu Mama Yvonne alileta mgongo wake niuombee. Nilipoinama kumwekea mkono, ikanitoka Haleluya moja kubwa, akapona papo hapo. Akaenda zake anaruka. Mimi nilibaki nimeinama mpaka Nafuna akarudi kutoka sokoni.

4. Nilienda kliniki. Nilienda mbali, Kawangware, nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, kwa sababu ulitangaza kwamba aliyepona akionekana hospitalini amemtupia Mungu zawadi yake. Huko kuna Sista Wayua, anayefundisha mazoezi ya viungo. Alinipima, akanikunja miguu, akasema kwa sasa eksirei haihitajiki, kwa kuwa miguu ina nguvu na haja ndogo haina shida. Kinachoniua ni kuinama juu ya mageti yaliyolala chini mchana kutwa, na kuinua mizigo kwa kiuno. Akasema niinue meza ya kazi. Nitembee, nisilale tu. Nikibeba, nikunje magoti na nikumbatie mzigo kifuani. Na kila siku nilale chali sakafuni, niinue kiuno polepole, nisitarajie muujiza wa wiki moja. Mwishowe akauliza kama kuna kitu kizito ninachobeba mara kwa mara. Nikasema hapana. Askofu, nilimdanganya mtu aliyekuwa amenishika mgongo, kwa ajili ya jenereta yako. Niliona aibu sana.

5. Kazi yangu ni chuma. Juzi geti la mteja lilinishinda kugeuza, nikamwita kijana wa duka la jirani anigeuzie. Mgongo huu ukikataa kabisa, wanangu watakula nini? Bango?

Kwa hivyo naomba mojawapo kati ya haya. Utangaze ibadani kwamba mgongo wangu umerudi kuugua, kwa utaratibu na bila aibu kwa upande wowote. Au uponyaji wangu uhamishiwe Collins, ambaye ana mgongo mpana na hautumii. Yote yakishindikana, iponye kwaya nzima kwa mkupuo, tubebe pamoja. Bango liache tu, ubadilishe kichwa.

Nisalimie Mama Askofu, mashemasi, wazee wa kanisa na kwaya yote, wakiwemo wale wanaokaa nikibeba.

Wako aliyepona bila kupenda,

Khamala
Kianda.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimepitia kliniki kwa mazoezi. Sista Wayua ameniambia nichukue mkeka wa pili, wa kwanza una mtu. Mtu mwenyewe alikuwa na miwani nyeusi, kofia imevutwa kuliko yangu, amelala chali anainua kiuno polepole. Alipoinuka akasema Haleluya. Askofu, sauti ile naijua. Basi ombi langu nimelifuta lote, na sitamwambia mtu, hata Nafuna. Ila Jumapili ufike mapema. Jenereta tutaibeba wawili, wewe upande huu, mimi upande ule. Na tukunje magoti kwanza, kama tulivyofundishwa.