Ombi la Kumwondoa Mwenye Kitanda

Kwa Msimamizi wa Mabweni,
Chuo Kikuu.

Ndugu Msimamizi,

YAH: MWENENDO WA MWENZANGU WA KITANDA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na ninaishi katika bweni lako kwa njia ya kubebwa. Huenda neno hili halijafika ofisini kwako: aliyepata kitanda humbeba aliyekosa, wakalala wawili mahali ulipopanga mmoja. Sikuangukia hapo kwa bahati mbaya, nilichagua. Vyumba vya nje ya geti vina bei ya watu wenye mishahara. Kwa baba mdogo ni bure, lakini pale mimi ndiye yaya wa mapacha, na redio ya sebuleni haizimwi mpaka betri ikate roho yenyewe. Nikapima, nikaona nusu ya kitanda ndiyo makazi nafuu kuliko yote, nikahamia upande wa ukutani. Sasa nina malalamiko yafuatayo juu ya mwenye kitanda, ambaye hapa nitamwita Mwenyeji.

1. Tulikubaliana kulala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake na chake miguuni kwangu. Mimi nimetimiza sehemu yangu kwa usafi. Yeye hucheza mpira pekupeku kila jioni, na kuosha miguu ni jambo analolifikiria tu. Miguu ile naijua kuliko somo langu la takwimu, na mtihani nilionao ni wa takwimu.

2. Analeta wageni. Juzi binamu yake alikuja, akakaa kitandani kwetu, tena upande wangu, akala karanga bila mimi kuulizwa. Kanuni zako zinakataza wazi watu wasiosajiliwa kuingia vyumbani, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote. Nilimkumbusha Mwenyeji kanuni hiyo. Akanitazama juu mpaka chini, akampa binamu yake mto wangu.

3. Walinzi wako wakija kukagua, mimi huingia kabatini. Hilo silalamikii, kazi ni kazi. Ninacholalamikia ni kwamba mara ya mwisho Mwenyeji alianza kujadili penalti ya Jumamosi na mlinzi, wakaketi kabisa, huku mimi nimekunjwa kati ya mashati yake kama shati jingine. Baya zaidi, wakakubaliana kwamba ile haikuwa penalti. Ilikuwa penalti, Ndugu Msimamizi, na sikuwa na njia ya kusema.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Juma lililopita aliniambia nitafute pa kwenda kabla mitihani haijaanza. Hakutoa sababu, alikuwa anatazama chini tu. Nikirudi kwa mapacha na redio nitafeli. Hapa sina utani: miaka yote hii ya kusoma itaishia pale sebuleni.

Kwa hiyo, kwa kuwa mimi ndiye ninayefagia, ninayeteka maji yakikatika, na niliyebadilisha balbu kwa mkono wangu, na kwa kuwa mchango wa Mwenyeji ni jina lake tu, naomba kitanda kihamishiwe kwangu na yeye aondolewe. Sina roho mbaya. Akikosa pa kwenda, nipo tayari kumbeba.

Nisalimie katibu muhtasi wako, walinzi wote, na hasa yule anayechungulia chini ya kitanda kwa bidii na hajawahi kufungua kabati.

Ni mimi ninayekutegemea,
Wa Upande wa Ukutani.

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha Mwenyeji akaingia, akaninyang'anya barua, akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaketi, akaniambia kitanda si chake. Naye anabebwa, tangu mwaka wa pili, ila aliyembeba hajawahi kulalia hata mto. Kitanda ni cha mpwa wako, yule mtoto wa dada yako anayelala nyumbani kwako kwenye chumba cha karibu na jiko, na ambaye ukimuuliza mezani kwa nini halali bwenini anakujibu kwamba kuna kelele. Sasa amechoka kukuoshea gari kila asubuhi, na ametuma ujumbe kwamba anarudi kitandani kwake kabla ya mitihani. Ndiyo maana Mwenyeji alikuwa anatazama chini.

Nafuta malalamiko namba moja hadi nne. Mwenyeji ni mtu mwema, na nimemwachia upande wa ukutani. Barua tumekubaliana iende hivyo hivyo, kwa sababu bado tuna ombi, tena dogo kuliko lile la kwanza: tafadhali gari uoshe mwenyewe mpaka mitihani iishe, na kijana umwongezee mchuzi.