Nguzo Iliyonenepa Sebuleni Kwangu

Ndugu Mhandisi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako. Changu kimeshakaliwa. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya pili katika jengo mnaloliimarisha ili tetemeko la ardhi lisituangushe. Kwa heshima na taadhima, naomba kazi hiyo isimame.

1. Nguzo ya sebuleni kwangu ilikuwa nyembamba na haina makuu. Mafundi wako wameibandua lipu, wakaizungushia nondo, wakaimwagia zege jipya. Sasa imemshinda shemeji yangu kwa unene, na shemeji angalau husogea ukimwomba. Kochi halipiti. Limebaki mlangoni, wageni wanaingia kwa kulipanda.

2. Mlianzia ghorofa ya nne, anakokaa mama mkwe. Vumbi likamtoa. Akaja kwangu, "siku mbili tatu tu, baba", akakalia kiti changu nyuma ya nguzo, na hadi leo yupo. Mkwe hafukuzwi. Nakula jikoni nimesimama, shati nimefunga mpaka kifungo cha shingoni.

3. Nilipomlalamikia fundi wenu mkuu, yule wanayemwita Pimamaji, alinijibu, "Bosi, nguzo hii itakuzika." Hivyo ndivyo mnavyowafariji wapangaji?

4. Tetemeko, kwa maelezo yako mwenyewe kikaoni, huenda likaja, huenda lisije. Mama mkwe ameshakuja. Mwenye akili hujikinga na aliyefika. Napendekeza nguzo ichongwe irudi ilivyokuwa, na zege litakalotoka lijenge ukuta kati yangu na yeye.

Nisalimie wote ofisini, hata yule dada wa mapokezi aliyejificha chini ya meza aliponiona.

Wako niliyesimama,
Mpangaji wa ghorofa ya pili

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, ardhi ikatikisika. Kabati la vyombo limeanguka, likagota kwenye nguzo yako. Ingekuwa ile nyembamba, lingepita. Nyuma yake alikuwa Mama, amesinzia kitini. Hana hata mkwaruzo. Nilitoka jikoni mbio kifua wazi, maana akilala ndipo huwa navua shati nikapumua, nikamkumbatia yeye na nguzo kwa pamoja. Akaniuliza, "Umeumia, baba?" Nimelia, Mhandisi, sikufichi. Bahasha imefukiwa na vyombo, kwa hiyo barua naileta kwa mkono. Yale niliyoandika huko juu usiyasome. Njoo uniongezee nguzo ya chumbani, nene kama hii. Kiti kibaki hapo hapo, Mama akikalie.